Kifua Safi

Katika zahanati moja ya bara, mbali na lami, alikuwapo tabibu ambaye sifa yake yote ilikaa masikioni. Kisa ni cha kutungwa, kwa hiyo msomaji asihangaike kuuliza ni wilaya gani. Magonjwa yaliyomo ndani yake hayakutungwa. Watu walisema akikuwekea kile chuma cha baridi mgongoni anasikia hata kikohozi cha mwaka kesho, naye hakuwakatalia. Stetoskopu yake aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaitunza kuliko pikipiki yake, na hata sista aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo aliigusa kwa ruhusa tu.

Sifa hiyo hakuiokota. Siku moja aliletwa mzee mkulima, amekalishwa nyuma ya baiskeli, kijana wake akimshikilia asianguke. Homa ilimpanda ghafla usiku, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Ubavu wa kulia ulimchoma kila alipovuta pumzi, na makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Nyumbani walikuwa wameshampa dawa ya malaria, maana homa ya kutetemeka vijijini kwetu ina jina moja tu mpaka ithibitike vinginevyo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo mwisho."

"Bado. Hebu vua shati kwanza."

Shati likavuliwa lote, si kupandishwa nusu. Katika hilo tabibu alikuwa na nidhamu ambayo wenzake wengi hawana: nguo ikisuguana na stetoskopu hutoa mikwaruzo inayoweza kudhaniwa ugonjwa. Akalaza kidole mgongoni, akakigonga kwa kingine, akishuka polepole kutoka begani. Kushoto mlio ulikuwa wazi mpaka chini. Kulia, chini ya mfupa wa bega, ukageuka mzito, umekufa. Akasikiliza papo hapo. Badala ya mvumo laini wa pumzi ya kawaida akasikia pumzi kali, ya karibu, inayotoka kwa nguvu ile ile iliyoingia nayo. Akamwambia mzee anong'one, na mnong'ono ukamfikia sikioni maneno yote yakiwa kamili.

Mlio huo una sababu yake. Sauti ya pumzi huzaliwa kwenye mirija mikubwa, hewa inapopita kwa kasi na kuvurugika. Pafu zima limejaa hewa, na hewa hiyo huichuja sauti isitoke nje yote: milio ya juu hupotea njiani, ukafika kifuani mvumo wa chini tu. Nimonia ya bakteria inaposhika sehemu nzima ya pafu, vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha, pafu huwa gumu, na kile kichujio hakipo tena. Sauti ya mrija inapita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi. Kwa mgonjwa wa namna ile tabibu hakuhitaji eksirei. Akampa amoksilini, akamwagiza kijana amrudishe siku ya nne.

Siku ya nne homa haipo, na mzee amekuja kwa miguu yake. Sista akaomba kusikiliza, akaruhusiwa, uso ukambadilika. Pale palipokuwa na pumzi kali sasa palijaa krepsi, ile mikwaruzo midogo midogo inayosikika mtu anapomalizia kuvuta pumzi.

"Daktari, mbona kimechafuka upya?"

"Kinafunguka, sista. Vijia vilivyokuwa vimeziba, hewa inavifungua kimoja kimoja. Ukibadilisha dawa hapa umeharibu."

Alikuwa sahihi kabisa. Krepsi hizo za kurudi, zinazoashiria kupona, alizieleza Mfaransa René Laennec, yule ambaye mwaka 1816 katika hospitali ya Necker, Paris, aliviringisha karatasi akaiweka kwenye kifua cha mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliona haya kumlazia sikio. Kitabu chake kilitoka mwaka 1819, na humo ndimo krepsi za nimonia zinamolinganishwa na chumvi inayopasuka katika chombo cha moto. Mpaka leo mwalimu wa tiba akitaka mwanafunzi azitambue, huanzia hapo.

Lakini kuna kitu cha Laennec ambacho tabibu wetu hakukirithi. Wagonjwa wa Necker walikufa wengi, na Laennec aliwafuata mpaka chumba cha maiti. Aliloliandika wakiwa hai alilikagua kwa kisu walipokwisha kufa: hapa nilisikia pumzi kali, je, pafu lilikuwa gumu kweli? Sikio lake lilikuwa na mwalimu asiyembembeleza. Tabibu hakuwa na chumba cha maiti, hakuwa na eksirei, wala hospitali ya wilaya haikumwandikia kumweleza yaliyompata mgonjwa aliyempeleka. Aliyerudi na nafuu alikuwa ushahidi. Asiyerudi alihesabiwa amepona. Miaka ikaenda hivyo, ushindi ukisimuliwa sokoni na makosa yakizikwa vijiji vya mbali, na sikio ambalo hakuna aliyelisahihisha likajiona halikosei.

Na sikio hukosea, hata la bingwa. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani ambamo madaktari watatu waliwapima vifua wagonjwa 52 bila kuonyeshwa eksirei zao. Kati ya waliokuwa na nimonia kweli, daktari aliyefanya vibaya zaidi aliitambua kwa asilimia 47, na aliyefanya vizuri zaidi kwa asilimia 69. Wagonjwa ni wale wale, chumba ni kile kile, na bado watatu hao hawakukubaliana. Sielewi kwa nini takwimu hizi hazibandikwi ukutani katika kila chumba cha daktari, juu kidogo ya kalenda ya kampuni ya dawa.

Onyo la kwanza lilimjia tabibu kupitia binti wa darasa la tatu. Huyu alikuwa ameshatibiwa nimonia pale pale mara kadhaa: kila mara kikohozi na kifua kinachopiga mluzi, kila mara antibiotiki, kila mara nafuu baada ya siku chache ambayo huenda ingekuja hata bila vidonge. Mluzi ni sauti ya njia ya hewa iliyobana, kuta zake zikitetemeka hewa inapolazimisha kupita. Kwa mtoto wa umri huo, ukija na kuondoka kisha ukarudi, pumu ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Jioni moja akaletwa amekaa akiinamia mbele, mikono magotini. Tabibu akasikiliza. Mluzi haupo.

"Leo afadhali, mama. Kifua kimetulia."

Sista ndiye aliyemwuliza binti jina la mwalimu wake, akaona hawezi kutamka majina mawili bila kukata pumzi katikati. Kifua kilikuwa kimetulia kwa sababu hewa ilikuwa karibu haipiti. Mluzi nao unataka hewa ya kuupiga. Waliwahi. Salbutamol ya kupuliza ilipitishwa kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kitako, dozi baada ya dozi, na mluzi uliporejea sista alimshukuru Mungu kwa sauti. Tabibu alisema wamebahatika. Zaidi ya hapo hakusema, na kesho yake rejista ikaendelea kuandikwa vile vile.

Kisha akaja mtoto wa miezi minne.

Alibebwa na mama yake, na bibi yake mzaa baba akafuata na mwavuli. Kikohozi siku tano, homa kidogo tu. Kilichowatoa nyumbani ni kunyonya: mtoto anashika ziwa, ananyonya mara mbili tatu, analiachia ahema. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe.

Tabibu aliipasha stetoskopu joto kiganjani, kama afanyavyo mtu mwenye huruma na ujuzi. Mtoto alikuwa amelala, hana kilio cha kuvuruga. Akasikiliza mbele, akasikiliza makwapani, akamlaza kifudifudi akasikiliza mgongo mzima. Hakuharakisha. Hakukuwa na krepsi wala mluzi.

"Kifua safi," akasema.

"Lakini daktari mwanangu," bibi akasema, "mbona mbavu zinaingia ndani? Toka jana zinaingia."

"Bibi, nimesikiliza mwenyewe. Ni mafua yanambana. Mama aendelee kumnyonyesha."

"Daktari, nimhesabie pumzi?" sista akauliza. "Dakika moja tu."

"Dakika moja kwa kila mtoto, sista, foleni hii tutaimaliza kesho kutwa."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: kifua safi. Kisanduku cha idadi ya pumzi kikabaki kitupu. Paracetamol, maji ya chumvi ya kusafishia pua, rudi ukiona hali imebadilika.

Hapa nasimamisha kisa kidogo, kwa sababu ile dakika moja aliyonyimwa sista ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Goroka, katika milima ya Papua New Guinea, daktari wa watoto Frank Shann na wenzake walikuwa na tatizo ambalo mtu wa Kigoma au Turkana angelitambua mara moja: watoto wengi wanakufa kwa nimonia, na walio karibu nao ni wahudumu wenye mafunzo mafupi ambao huwezi kuwageuza mabingwa wa kusikiliza vifua. Wakatafuta dalili ambazo yeyote mwenye macho na saa angeziona. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1984 yalielekeza kwenye vitu viwili: kasi ya pumzi, na kifua kubonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Shirika la Afya Duniani likajenga mwongozo wake juu ya hayo, na katikati ya miaka ya 1990, utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa uwiano ulipoanza, Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia.

Kipimo chenyewe hakimpi mtu fahari yoyote. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo ipandishwe, tumbo na kifua vionekane. Hesabu dakika nzima, si nusu dakika kisha uzidishe kwa mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa mafungu, wakaharakisha halafu wakatulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, na ukizipata hesabu tena. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Stetoskopu haimo katika hesabu hiyo. Nimewahi kuwasikia wasomi wakiudharau utaratibu huu kwamba ni udaktari wa saa ya mkononi, na wana hoja moja ya kweli: unawanasa watoto wengi wenye mafua ya kawaida na homa kali, wakapewa antibiotiki wasizozihitaji. Lakini umewekwa makusudi uelemee upande huo. Mtoto aliyekunywa amoksilini bure atakuwapo wiki ijayo.

Yule wa miezi minne, kama sista angehesabu, angepita 70. Tunajua hivyo kwa sababu alfajiri iliyofuata, midomo yake imegeuka rangi ya majivu, alipakiwa kwenye bodaboda katikati ya mama na bibi mpaka hospitali ya wilaya, na huko walihesabu. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni ya damu ni asilimia 71. Chini ya 90 mtoto huwekewa oksijeni bila mjadala. Eksirei ilionyesha mapafu yote mawili yamefunikwa na ukungu, kutoka katikati kwenda pembeni.

Walimpima mama VVU. Alikuwa ameshapimwa kliniki kwenye hudhurio la kwanza la ujauzito, akaambiwa hana, na kadi iliandikwa hivyo. Mwongozo unataka kipimo kirudiwe miezi ya mwisho ya ujauzito na tena wakati wa kunyonyesha, kwa sababu mwanamke anaweza kuambukizwa baada ya kile cha kwanza, na maambukizi mapya humfikia mtoto kwa urahisi zaidi. Hakuna aliyekirudia. Kwa hiyo mtoto hakupewa nevirapine alipozaliwa, wala kotrimoksazoli ya kinga ambayo watoto wa akina mama wenye VVU huanza kupewa wakiwa na wiki 4 mpaka 6. Na kotrimoksazoli hiyo huzuia hasa ugonjwa huu uliokuwa mapafuni mwake: nimonia ya Pneumocystis, kuvu ambaye hupenda watoto wenye VVU wa kati ya miezi 3 na 6. Walimtibu kwa dozi kubwa ya dawa ile ile, pamoja na oksijeni na dawa za kutuliza uvimbe. Alifariki siku ya tatu.

Katika kikao cha kupitia kifo, tabibu aliitwa na rejista yake. Aliyeongoza alikuwa daktari wa watoto, mwanamke wa makamo, na kila mtu mezani alitegemea maneno makali. Akafungua ukurasa, akasoma, akamsukumia tabibu.

"Umeandika kifua safi. Ulisikiliza kweli?"

"Nilisikiliza, daktari. Mbele na nyuma."

"Nakuamini. Mimi pia nilimsikiliza alipofika, oksijeni ikiwa 71. Sikusikia kitu."

Nadhani sentensi hiyo ilimwumiza kuliko ambavyo karipio lingemwumiza. Angeambiwa masikio yake yamekosea, angekwenda kuyanoa. Aliambiwa yalifanya kazi sawasawa. Ubovu wa Pneumocystis uko kwenye vifuko vya hewa vyenyewe, mwisho kabisa wa safari, ambako hewa haivumi tena bali inasambaa kimya kimya. Mirija iko wazi, hakuna sehemu moja iliyoganda ya kupitisha sauti kali, na mtoto anakosa oksijeni huku kifua kikisikika kama cha mtoto mzima. Kifua kikuu kilichotapakaa mapafu yote kwa chembe ndogo ndogo kinaweza kufanya vivyo hivyo. Hata nimonia ya kawaida, ikijificha katikati ya pafu mbali na mbavu, haifikishi sauti nje.

Daktari akageuza ukurasa. "Kisanduku hiki ndicho kilichomwua," akasema, kidole kwenye nafasi tupu. Kisha akajisahihisha mwenyewe: "Kimojawapo. Kingine kiko kliniki, kwenye kadi ya mama." Nampenda kwa kujisahihisha huko. Vikao vya namna hii huwa na hamu ya mkosaji mmoja, na mara nyingi hupatikana yule aliye chini kabisa.

Tabibu aliuliza swali moja, la haki kabisa: basi stetoskopu ni ya nini? Je, sauti haiwezi hata kumwambia ni nimonia ya aina gani? Jibu alilopewa lilichukua sehemu kubwa ya mchana. Fununu zipo. Krepsi na pumzi kali mahali pamoja, kwa mtu aliyeugua ghafla, huelekeza kwenye bakteria, pneumokoki kwanza, kama kwa yule mzee. Mluzi pande zote mbili kwa mtoto wa chini ya miaka miwili huelekeza zaidi kwenye virusi. Mycoplasma, inayomwacha kijana akikohoa wiki nzima huku anakwenda kazini, mara nyingi huonekana mbaya kwenye eksirei kuliko inavyosikika. Krepsi za chini mgongoni pande zote mbili, kwa mtu mzima aliyevimba miguu, huenda si nimonia kabisa bali ni moyo uliochoka. Na nimonia ile ile hubadilisha sauti kadiri siku zinavyokwenda: krepsi huanza nzito katikati ya pumzi, zikamalizia nyembamba mwishoni mwake, kwa hiyo anayesikiliza siku ya pili na anayesikiliza siku ya saba wanaweza kubishana na wote wakawa sawa.

Lakini fununu haimtaji mdudu. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa PERCH uliofanyika katika nchi saba, Kilifi nchini Kenya ikiwa mojawapo ya vituo. Uliwahusu watoto waliolazwa kwa nimonia kali. Miongoni mwa wale wasio na VVU ambao eksirei ilithibitisha ugonjwa, virusi vilikadiriwa kusababisha asilimia 61, bakteria asilimia 27, na virusi vya RSV peke yake asilimia 31. Kufika kwenye makadirio hayo kulihitaji damu, makohozi, ute wa puani na koo, maabara na wanatakwimu. Karibu nchi zote zilizoshiriki zilikuwa zimeshaanza chanjo ya Hib, na nyingi zilikuwa na ya pneumokoki, zinazowapunguza wale bakteria wawili waliokuwa wakiua zaidi. Nimonia ambayo babu zake tabibu waliisikiliza si ile anayoisikiliza yeye.

Tabibu hakuiacha stetoskopu yake. Angeiacha ingekuwa mchezo wa kuigiza. Alichofanya kilikuwa kidogo na kigumu: alimkabidhi sista mamlaka. Mtoto chini ya miaka mitano hafiki mezani kwake kabla ya kuhesabiwa pumzi na kutazamwa kifua, na namba ya sista haifutwi na sikio lake. Alikwenda pia kwa muuguzi wa kliniki, wakapitia kadi za wajawazito kutafuta waliopimwa mara moja tu. Mama wa yule mtoto alianza dawa za kufubaza VVU. Mtoto wake mkubwa alipimwa, hana. Na kila Ijumaa tabibu alipiga simu hospitali ya wilaya kuuliza habari za waliopelekwa wiki hiyo. Mwanzoni waliona anawasumbua.

Mwaka uliofuata alikuja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kijana mchangamfu, simu yake imeunganishwa na stetoskopu ya kielektroniki inayorekodi sauti na kuipambanua kwa programu. Alijua habari za koti la Mama-Ope la kutambua nimonia, lile walilobuni vijana wa Uganda, akiwamo Brian Turyabagye na Olivia Koburongo, likaingia mwaka 2017 kwenye orodha ya wanaowania Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Tabibu alilipenda wazo hilo kwa sababu ambayo kijana hakuitegemea: koti lile halikusikiliza tu, lilipima joto na kasi ya pumzi pia. Waliolibuni walikuwa wamekataa kuliamini sikio peke yake.

"Na hii yako," akauliza, "mtoto akilia?"

"Inachuja kelele, daktari."

"Ikisema safi, na mtoto anahema?"

Kijana akatafuta kwenye simu, hakupata ukurasa wa jambo hilo.

Siku hiyo hiyo akaletwa mtoto wa miezi 14, mafua na kikohozi tangu juzi, ananyonya vizuri, anamchekea sista. Sista akahesabu: 52. Mbavu haziingii, oksijeni 96. Kwa namba hiyo peke yake, angeondoka na amoksilini. Tabibu akasikiliza, kijana akarekodi, na safari hii sikio na simu vikakubaliana: mluzi, kushoto na kulia. Mwongozo unajua hali hiyo. Mtoto mwenye mluzi na pumzi za haraka hupulizwa salbutamol kwanza, kisha huhesabiwa upya, mpaka mara tatu, ndipo iamuliwe kama ana nimonia. Wakampulizia kwa ile chupa ya maji. Baada ya robo saa sista akahesabu: 46. Wakapuliza tena, wakasubiri tena. 38.

Tabibu akaziandika namba zote tatu kwenye kisanduku, zikabanana, akamgeukia mama.

"Mama, mtoto hana nimonia. Ni njia za hewa zilibana kwa sababu ya mafua, zimefunguka. Utaondoka na hii dawa ya kupuliza, sista atakuonyesha. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au mbavu zikianza kuingia ndani, usingoje asubuhi. Na hata akiwa mzima, mlete kesho kutwa."

"Sawa, daktari. Na dawa ya kunywa?"

"Hahitaji."

"Hata ile ya unga ya kuchanganya na maji?"

"Hata hiyo, mama."

Mama akaitika kwa adabu, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Kijana aliyekuwa dirishani akasema ameshika njia ya kushoto, na kushoto hakuna kitu isipokuwa duka la dawa. Tabibu akaiweka stetoskopu mezani, akamwambia sista aendelee kuwahesabia waliobaki, akamfuata yule mama barabarani kumweleza tena.